Mume Akiwa Gerezani, Ritani Ijazwe na Nani?

Msikilizaji, mwisho wa kujaza ritani ya ushuru wa mapato hapa Kenya ni tarehe 30 Juni, na kwetu pwani ya Kilifi na Malindi siku hiyo huangukia katikati ya kusi. Bahari imechafuka, mashua nyingi zimepandishwa ufukweni, hoteli za Watamu na Malindi zimepunguza wafanyakazi hadi wageni warudi, na pesa mkononi ni haba. Katika msimu huohuo wapo wanawake ambao juu ya uhaba huo wana swali lisilojibiwa hewani mara nyingi. Mume yuko ndani. Huenda yuko Gereza la Malindi, huenda Kilifi, huenda Shimo la Tewa ukishavuka daraja la Mtwapa. Je, mbele ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, mwanamke huyo ajihesabu bado ni mke wa mtu, au ajihesabu ametengana na mumewe? Ajaze ritani yake peke yake, au aiache imezwe na ya mume ambaye hana simu, hana kompyuta, wala hajui lini atatoka? Mimi nina jibu, na nitalitetea kwa muda niliopewa. Mke wa mfungwa ajaze ritani yake mwenyewe, kwa PIN yake mwenyewe, bila kudai kwamba ndoa imevunjika. Mapato ya mume yabaki kwenye PIN ya mume, yashughulikiwe kwa idhini iliyoandikwa. Na sheria yenyewe, ambayo imelinyamazia gereza tangu ilipotungwa, ianze kulitaja.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Ushuru wa mapato uliingia Kenya mwaka 1937, wakati wa ukoloni, kwa mtindo wa Uingereza. Baada ya uhuru tulitunga Sheria ya Ushuru wa Mapato ya 1973, iliyoanza kutumika Januari 1974, na kifungu chake cha 45 kikabeba wazo lilelile la Waingereza: mapato ya mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa mapato ya mume, na ushuru wake atozwe mume. Baadaye mke akaruhusiwa kuchagua kujaza ritani yake mbali. Lakini angalia yale maneno "anayeishi na mumewe". Sheria hiyo ilieleza ni lini mke hahesabiwi kuwa anaishi na mumewe: wakiwa wametenganishwa kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi, wakiwa wametengana katika hali inayoonyesha kwamba utengano huo utakuwa wa kudumu, au mke akiwa mkaazi wa nchi hii na mume si mkaazi. Basi. Gereza halimo. Mume aliyefungwa miezi sita kwa kushindwa kulipa faini, mume aliye rumande akisubiri kesi yake isikizwe katika mahakama ya Malindi, na mume aliyehukumiwa kifungo cha maisha, wote watatu wanapaswa kuingizwa kwa nguvu ndani ya maneno yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwafikiria.

Je, kifungo ni utengano wa kudumu? Wako watakaosema ndiyo, kwa sababu watu wawili hawalali chini ya paa moja. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu nautoa katika sheria nyingine. Sheria ya Ndoa ya 2014, katika kifungu cha 66, inaorodhesha mambo yanayoonyesha kwamba ndoa ya kiserikali imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Utengano wa miaka miwili umetajwa peke yake. Kifungo cha maisha, au cha miaka saba na zaidi, kimetajwa peke yake. Kama kifungo kingekuwa aina ya utengano, Bunge lisingehitaji kukitaja mara ya pili. Na hata hapo, kifungo cha miaka saba hakivunji ndoa chenyewe. Kinampa mwenzi sababu ya kwenda mahakamani akitaka. Asiyetaka anabaki mke halali, na wengi hawataki. Wanaendelea kupeleka sabuni na nguo, wanapanga foleni siku za kuwaona wafungwa, wanawaambia watoto baba yuko wapi kadiri ya umri wao. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba serikali inamhesabu ametengana na mumewe ni kumwandikia talaka asiyoiomba. Kwa aliye rumande jambo hilo ni baya zaidi, kwa kuwa yeye bado hajapatikana na hatia yoyote na huenda kesho akapewa bondi arudi nyumbani.

Kuna hatari nyingine katika kudai utengano ambao haupo, na hii nataka iwekewe uzito. Taarifa unayoipa ofisi ya serikali ni ushahidi. Mwanamke akijitangaza ametengana na mumewe ili tu mambo ya ushuru yawe mepesi, karatasi hiyo inaweza kutolewa miaka mitatu baadaye katika kesi ya shamba, katika mgawanyo wa mirathi, au mbele ya Kadhi, na ndugu wa mume wakasema: huyu alishajitoa katika ndoa mwenyewe, saini yake hii hapa. Pwani hii tunajua jinsi migogoro ya ardhi na mirathi inavyochambua kila kipande cha karatasi. Mtu asijitengenezee ushahidi dhidi yake mwenyewe kwa jambo ambalo halikumtaka afanye hivyo.

Na kweli halimtaki. Kujaza ritani mbali na mume hapa Kenya hakuhitaji sababu yoyote ya ndoa. Katika mtandao wa iTax, fomu ya mtu binafsi aliye mkaazi imekuwa ikimuuliza mume kama anataka kutangaza mapato ya mke wake, na akijibu ndiyo anatoa PIN ya mke. Asipotangaza, mke anajaza yake. Haulizwi mume yuko wapi, hatakiwi cheti cha talaka, haapi kwamba ameachwa. Hapa tuko tofauti na Marekani, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na hutuuliza mambo haya kwa simu. Kule mtu lazima achague hadhi yake mbele ya idara ya ushuru, na hadhi ya ndoa hutazamwa siku ya mwisho ya mwaka, tarehe 31 Desemba. Aliyekuwa na ndoa siku hiyo, hata kama mwenzake yuko jela, kwa kawaida ana njia mbili: kujaza pamoja au kila mtu kivyake. Wakijaza pamoja mara nyingi ushuru hupungua, lakini wote wawili lazima watie saini, na kila mmoja hubeba dhamana ya deni lote, hata lile lililotokana na mapato ya mwenzake. Kwa hiyo mke wa mfungwa kule Marekani hupima faida ya sasa dhidi ya deni linaloweza kumwangukia kesho, na uamuzi wake ni mgumu kweli.

Kwetu mizani hiyo haina uzito wa pande mbili. Zamani tulikuwa na nafuu ya ushuru ya familia iliyokuwa kubwa kuliko ya mtu asiye na ndoa, lakini miaka ya 1990 zikaunganishwa zikawa nafuu moja kwa kila mtu. Leo nafuu hiyo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, uwe umeoa au hujaoa. Viwango vya ushuru navyo ni vilevile: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 25 kwa shilingi 8,333 zinazofuata, kisha asilimia 30 na kuendelea kwa wenye vipato vikubwa. Mke anayejaza ritani yake anapata nafuu yake kamili na anaanza kuhesabiwa kutoka ngazi ya chini kabisa. Hakuna anachopoteza kwa kujitenga kwenye karatasi. Mapato yake yakiingizwa kwenye ritani ya mume, jina lake linafungwa kwenye faili ambalo mwenyewe hawezi kulifungua wala kulijibia. Barua ya KRA ikija, inakwenda kwa mume. Makadirio yakikosewa, mwenye haki ya kuyapinga ni mume, na muda wa kupinga ni siku 30. Mume yuko Shimo la Tewa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua watu wa Malindi, Mtwapa na Kilifi mjini kuliko mshahara, nalo ni nyumba za kupangisha. Mshahara hauna ugumu mkubwa. Mwanamke anayefanya kazi hotelini au katika kampuni za chumvi upande wa Gongoni hukatwa ushuru na mwajiri, hupewa fomu yake ya P9 baada ya mwaka kwisha, na kuihamisha kwenye iTax ni kazi ya muda mfupi. Nyumba ndizo zina fumbo. Chukulia familia ina vyumba kumi mtaa wa Muyeye, Malindi, kila kimoja shilingi 3,500 kwa mwezi. Jumla ni 35,000 kwa mwezi, 420,000 kwa mwaka. Mapato ya nyumba za makazi yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, na kuishia milioni 15, yana ushuru wake maalumu: asilimia 7.5 ya pesa yote iliyokusanywa, kuanzia Januari 2024, bila kutoa gharama, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa vyumba hivyo kumi ni shilingi 2,625 kila mwezi. Mume alipokuwa nje alizilipa, au hakuzilipa, hiyo ni habari nyingine. Sasa yuko ndani na mke ndiye anayepokea kodi za wapangaji kwenye simu yake. Ushuru huo ni wa nani?

Wengi hudhani anayepokea pesa ndiye mwenye mapato. Sivyo. Mapato ni ya mwenye haki nayo, na anayekusanya kwa niaba ya mwenzake ni mkusanyaji tu. Kama kiwanja na vyumba ni mali ya mume, ritani ya nyumba hizo ni ya PIN ya mume hata kama mke ndiye anayegonga milango kila tarehe tano. Kama ni vya mke, labda alirithi kiwanja kwa wazazi wake, ni vya PIN ya mke. Kama hati ina majina yao wote wawili, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaanza kwa kudhani kwamba wana sehemu sawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na kila mmoja anatangaza nusu yake. Kwa mfano wetu, nusu ni shilingi 210,000 kwa mwaka, haifiki 288,000, kwa hiyo inaondoka kwenye ule ushuru wa kila mwezi na kuingia katika ritani ya mwaka ya kila mmoja. Mume asiye na kipato kingine, nafuu yake ya 28,800 inaumaliza ushuru wa nusu yake wote. Mke mwenye mshahara, nusu yake inapanda juu ya mshahara na kutozwa kwa ngazi ya juu zaidi. Vyumba ni vilevile na wapangaji ni walewale, lakini hesabu inageuka kabisa kwa kutegemea jina lililo kwenye hati. Ndiyo maana nasema hili si jambo la kumwachia kijana wa saiba akubofyee chochote akutoze shilingi mia mbili.

Kishawishi kikubwa kwa mke ni kutangaza kodi zote za nyumba kwenye PIN yake, kwa nia njema kabisa, ili ushuru ulipwe na mambo yaishe. Namwelewa, na namheshimu kwa kutaka kulipa. Lakini akifanya hivyo anakuwa ametamka mambo mawili kwa serikali: kwamba nyumba ni zake, na kwamba mumewe hana kipato. Yote mawili huenda si kweli. Mume akitoka na kukuta miaka minne ya ritani zinazosema vyumba vyake ni vya mkewe, ndoa iliyovumilia gereza inaweza kushindwa kuvumilia karatasi hizo. Na wako ndugu wa mume wanaongoja kosa la namna hiyo wapate kusema shemeji anakula mali ya kaka yao.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jinsi mlango huu ulivyotengenezwa kufunguka upande mmoja. Mume anaweza kutangaza mapato ya mke katika ritani yake. Mke hawezi kutangaza ya mume. Mume akifungwa, mke hana namna ya kuyabeba mapato ya mume ndani ya ritani moja hata kama angetaka. Sasa ligeuze: mke ndiye aliyefungwa, yuko Gereza la Wanawake la Malindi, na mume yuko nje. Kwa mantiki ya kifungu cha 45 kama kilivyotungwa, mume angeyachukua mapato ya mke, yawe ya duka, ya mashamba au ya nyumba, akayaandika kama yake, na mwenye mali akiwa ndani asijue. Waingereza waliotupa mtindo huu waliuacha wenyewe: tangu Aprili 1990, mume na mke nchini Uingereza hutozwa ushuru kila mtu kivyake. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na wakati wa kuivunja. Sioni jinsi mapato ya mke yanavyoweza kuwa mapato ya mume chini ya Katiba hiyo. Na kwa Waislamu wa pwani hii, hoja hiyo haikungoja Katiba: mali ya mwanamke ni yake, iwe kabla ya ndoa au baada ya ndoa, na mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Bibi zetu walimiliki minazi na nyumba za mawe kwa majina yao huku sheria ya ushuru ikiwahesabu kama wasiokuwepo.

Nimesema mke ajaze yake. Je, ya mume? Hapa wengi huacha, wakiamini kwamba aliyefungwa hadaiwi kitu. PIN haifungwi pamoja na mtu. KRA huwataka wote wenye PIN iliyo hai na yenye jukumu la ushuru wa mapato wajaze ritani, hata asiyepata senti moja, ambaye hujaza ile ya sufuri. Asiyejaza kwa wakati, faini yake ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ipi ni kubwa zaidi. Kwa kifungo cha miaka saba hizo ni shilingi 14,000 kwa mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote, na anatoka akiwa hana cheti cha kutimiza wajibu wa ushuru kinachotakiwa na waajiri na wanaotoa zabuni. Msamaha wa riba na faini uliotangazwa kuanzia Septemba 2023, na baadaye kurefushwa hadi 30 Juni 2025, ulitangazwa kwenye intaneti na magazetini. Aliye seli alitegemea aliye nje aujue kwa niaba yake. Tunalalamika kwamba waliotoka jela hurudi makosani, kisha tunawawekea deni mlangoni kabla hata hawajapata kibarua.

Mtu atasema: si mke anajua neno la siri la mumewe, aingie tu ajaze? Ndivyo inavyofanyika katika nyumba nyingi, nami siwaiti wahalifu wanaofanya hivyo. Lakini mwisho wa ritani kuna tamko kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na anayetamka ni mwenye PIN. Siku KRA ikiuliza, nani alitamka wakati mwenye jina alikuwa amefungiwa Shimo la Tewa? Zaidi ya hayo, baruapepe nyingi zilizoandikishwa iTax zilifunguliwa saiba na mtu ambaye leo hayupo, na neno la siri likipotea hakuna wa kulirudisha. Sheria ya ushuru inamtambua mtu asiyejiweza kisheria kuwa ni mtoto, au aliyeamuliwa kuwa hana akili timamu. Mfungwa hayumo humo, kwa hiyo anabaki mlipa ushuru kamili mwenye uwezo wa kumteua mtu. Njia safi ni hati ya uwakilishi: mume anamwandikia mke, au mtu mwingine anayemwamini, mamlaka ya kushughulikia ushuru wake, akatia saini mbele ya wakili aliyeruhusiwa na mkuu wa gereza. Katiba, ibara ya 51, inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kutumiwa akiwa kifungoni. Kutia saini kunawezekana. Shirika la Kituo Cha Sheria limewafunza wafungwa wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria, Shimo la Tewa ikiwemo, na hati kama hii ni kazi wanayoweza kuielewa na kuielekeza. Faida yake inazidi ushuru: nyumba yenye wake wawili, au yenye kaka wa mume wanaotaka kushika mambo, inapata jibu la maandishi la nani aliyepewa dhamana.

Nasikia pingamizi la wale wasio na ndugu gerezani. Kwa nini tujishughulishe na ushuru wa wezi na wauaji, wakati raia waliotulia wanabanwa? Jibu langu ni kwamba hatia ya mtu hupimwa na mahakama, na adhabu yake ikatajwa na mahakama. Hakimu akisema miaka mitano, amesema miaka mitano; hakuongeza faini ya kila Juni wala hakumhukumu mke. Na hazina ya serikali nayo inapoteza. Vyumba kumi vya Muyeye visivyolipiwa kwa miaka mitano kwa sababu mwenye PIN yuko ndani ni zaidi ya shilingi 157,000 zisizofika. Mke aliye tayari kuzilipa na asiye na njia halali ya kuzilipa ni hasara kwa wote. Pingamizi la pili ni la heshima ya nyumba: kwamba mwanamke akitenganisha karatasi zake, majirani na wakwe watasema anajiandaa kuondoka. Hili nalijua lina nguvu Pwani, na halijibiwi kwa dharau. Wakwe waelezwe kwamba ritani ya mtu ni siri yake na serikali, kwamba wake wengi ambao waume zao wako nyumbani wanajaza kivyao kila mwaka, na kwamba mke anayelinda PIN ya mumewe isijae faini anaitunza nyumba hiyo kuliko wanaosema.

Wako pia wataalamu watakaosema hakuna haja ya kubadili sheria, kwa kuwa Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaruhusu mtu kuomba aongezewe muda wa kujaza ritani, na inamruhusu Kamishna kupokea pingamizi lililochelewa. Ni kweli. Lakini isome. Sababu zilizotajwa za kuchelewa kupinga ni kutokuwepo nchini, ugonjwa, au sababu nyingine ya maana. Aliyesafiri Dubai ametajwa kwa jina lake; aliyefungwa kilomita chache kutoka ofisi ya KRA ya Malindi anajipenyeza katika "sababu nyingine", akitegemea huruma ya afisa aliye mezani siku hiyo. Na maombi ya kuongezewa muda lazima yafike kabla ya tarehe ya mwisho. Mtu aliyekamatwa siku chache kabla ya tarehe hiyo hana muda huo. Haki inayotegemea afisa ni tofauti na haki iliyoandikwa.

Kwa hiyo ninalolitaka Bunge lifanye ni dogo na halina gharama kubwa. Waondoe kabisa katika sheria ya ushuru wazo kwamba mapato ya mke ni ya mume, na swali la mapato ya mke liondoke kwenye fomu. Waandike kifungo na rumande miongoni mwa sababu za kuongezewa muda na za kuchelewa kupinga. Wamruhusu mwenzi, kwa idhini ya maandishi iliyothibitishwa na mkuu wa gereza, ajaze ritani ya mfungwa bila gharama za wakili. Na PIN ya mtu aliyehukumiwa zaidi ya mwaka mmoja, asiye na mapato, ilazwe bila faini hadi atoke. Mswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka ifikapo mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha na Mipango hupokea maoni ya wananchi mwezi Mei. Vyama vya wanawake vya Kilifi, mashirika ya haki za binadamu yaliyoko Malindi, maimamu na wachungaji wanaotembelea magereza, andikeni waraka huo mwaka huu.

Nawe mama ambaye mumeo yuko ndani, usingoje Bunge. Chukua P9 yako au hesabu ya biashara yako, chukua kitambulisho, nenda ofisi ya KRA Malindi kabla foleni za wiki ya mwisho ya Juni hazijaanza, ujaze ritani yako kwa jina lako. Waambie mume yuko gerezani, uliza hali ya PIN yake, na uondoke na majibu yaliyoandikwa. Siku utakayokwenda kumwona, mwulize atamwandikia nani hati ya uwakilishi. Kusaidiwa kujaza ritani katika ofisi hiyo ni bure.